Daftari la Pili



Ukipita mbele ya shule zetu nyingi saa nne ya asubuhi, utawaona watoto wameinama, wanaandika. Mwalimu amejaza ubao kwa chaki, nao wananakili tangu mstari wa kwanza hata wa mwisho. Ni kazi ya lazima, wala siidharau. Vitabu ni haba. Mara nyingi darasa zima lina kitabu kimoja tu, nacho ni cha mwalimu, na lile somo lililonakiliwa ndilo litakalokuwa kitabu cha mtoto siku ya mtihani. Lakini fanyeni hesabu pamoja nami. Mtoto huyu atakaa miaka 6 katika shule ya msingi, na Mungu akimjalia atakaa miaka 6 mingine katika sekondari. Atajaza madaftari, ambayo wengi wetu twayaita makaye, hata mikono miwili ishindwe kuyabeba. Ndani ya hayo yote, ni sentensi ngapi alizozitunga yeye mwenyewe?

Nawajua vijana wenye mwandiko mzuri ajabu, madaftari yao hayana doa hata moja. Ukiwaambia, «Niandikieni mistari mitano juu ya jambo mliloliona jana,» watakaa kalamu mkononi, macho yao ubaoni. Ubao ni mtupu; basi nao hawana la kuandika.

Kusoma nako kuna udanganyifu wake. Watoto wa darasa la kwanza husoma kwa sauti moja, na mzazi apitaye karibu na dirisha hufurahi moyoni. Mimi huchukua kipande cha karatasi, nikaufunika ukurasa, nikaacha neno moja tu la katikati, nikaliuliza. Hapo wengi hunyamaza. Walikuwa wakiimba ukurasa, hawakuwa wakiusoma.

Tena kuna jambo la lugha. Kiswahili, ambacho Katiba yetu ya mwaka 2006 yakitaja kati ya lugha 4 za taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, ni lugha yenye huruma kwa mwanafunzi. Vokali zake ni 5, na kila moja yashika sauti yake siku zote. Mtoto akiisha kuzijua silabi, aweza kusoma neno lolote awezalo kulisema. Kifaransa hakina huruma hiyo: sauti ile ile ya «o» utaikuta mahali pengine imeandikwa «au», na pengine «eau», na herufi nyingi za mwisho wa neno zimeandikwa pasipo kutamkwa. Sisemi kwamba tusijifunze Kifaransa. Mimi mwenyewe nakifundisha, tena nakipenda. Nasema tu kwamba mtoto ambaye nyumbani kwao hakisemwi aweza kufundishwa kutamka ukurasa mzima wa Kifaransa bila kuelewa neno, na sisi wakubwa tukamwita msomi.

Namjua mama mmoja mjane aliyeletewa karatasi juu ya shamba la marehemu mume wake. Waliomletea walimwambia kuwa ni ya kukodisha kwa miaka michache. Mama huyo hajui kusoma, lakini si mjinga: alimwita mtoto wake wa sekondari, akamwambia asome. Kijana akasoma kwa sauti kubwa, kila neno mahali pake, bila kukwama. Wote wakasifu. Mama akatia kidole chake. Kumbe karatasi ilikuwa ya kuuza, na neno la kuuza lilikuwa limeandikwa pale wazi, katika mstari wa pili. Kijana alikuwa amelitamka vizuri sana.

Nimetanguliza maneno haya kwa sababu ya barua niliyoipata juma lililopita. Imetoka kwa baba mmoja ambaye sitamtaja jina wala mahali. Ana binti wa miaka 15, asoma sekondari. Tangu miezi kadhaa binti huyo, akiisha kuosha vyombo na kuwalaza wadogo zake, huketi karibu na taa akaandika katika daftari lisilo la shule. Alilinunua kwa fedha ya mikate aliyouza yeye mwenyewe. Baba akikaribia, hulifunga. Akiulizwa, hujibu: «Ni mambo yangu tu, baba.» Mama yake amelikuta limefichwa nyuma ya gunia la mahindi.

Baba huyo aandika hivi: «Mwalimu, sisi hatukuzoea jambo la namna hii. Katika nyumba yangu hakuna kitu cha siri. Wazee walisema, mficha maradhi, kilio humfichua. Nadhani ni barua za wavulana. Kifaransa changu ni kidogo. Nikutumie daftari lenyewe ulisome, uniambie kama nilitie motoni.»

Baba mheshimiwa, nakujibu hapa gazetini kwa kuwa najua si wewe peke yako mwenye swali hili. Kwanza nakushukuru, maana umeuliza kabla ya kuwasha moto. Jibu langu ndilo hili: usinitumie. Mimi sitalisoma, nawe usilisome, wala usilichome.

Utaniuliza: je, kama ni barua za wavulana kweli? Nakuambia kama mtu akaaye na vijana kutwa nzima: barua ya namna hiyo haihitaji daftari zima. Siku hizi haihitaji hata kalamu. Imo katika simu, fupi, maneno yamekatwa vokali kama miti iliyokatwa matawi, nayo hufutwa kabla baba hajageuza kichwa. Kijana akaaye kila jioni juu ya karatasi, akiandika, akifuta, akiandika tena, ana kazi nyingine kabisa. Mtazame binti yako tangu asubuhi. Mama amwambia: teka maji. Mwalimu amwambia: jibu. Kaka yake amwambia: niletee chakula. Watu wote husema naye, naye huitika, kama ipasavyo mtoto mwenye adabu. Jioni, kwa muda wa nusu saa, ni yeye asemaye. Labda anaandika kwamba amechoka. Labda anaandika habari ya shangazi aliyekufa, au hesabu ya mikate yake, au hadithi ya msichana aliyevuka ziwa. Mimi sijui, nawe hujui, na yafaa tuvumilie kutojua.

Methali yako ni ya kweli, baba, kwa maradhi. Lakini mbegu nayo imefichwa, na hakuna mkulima aifukuaye kila asubuhi kutazama kama imeota.

Sikatai kwamba una haki ya kuwa na hofu. Baba asiyeogopea binti yake ni baba wa jina tu. Ukiwa na shaka juu ya mwenendo wake, mwulize yeye mwenyewe, uso kwa uso, mkiwa mmeketi, usiliulize daftari. Akianza kurudi nyumbani usiku, akipata kitu ambacho hukijui kimetoka wapi, akiacha masomo, hapo timiza kazi yako ya baba, daftari liwepo au lisiwepo. Lakini ukilisoma kwa siri, na akijua (naye atajua, maana vijana wajua ni upande gani walilaza kitu), hataacha kuandika. Ataandika maneno yafaayo kusomwa na baba. Nimeyaona hayo shuleni: mwanafunzi aliyevunjiwa siri yake huandika insha za utii mtupu, nzuri, laini, hazina mtu ndani yake. Kumrudisha katika ukweli huchukua miaka, na wengine hawarudi.

Huenda mwingine atasema: kuandika mambo yako mwenyewe ni desturi ya Wazungu, sisi mambo yetu twayasema barazani. Basi acheni niwakumbushe habari ya kijana mmoja wa nchi hii hii.

Katika miaka ya 1880 alizaliwa mtoto katika milima ya Marungu, magharibi ya ziwa Tanganyika. Jina lake Kaoze. Katika ubatizo akaitwa Stefano. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walikuwa wamefika Mpala, kando ya ziwa, na katika shule za misioni mtoto huyo akajifunza herufi, kisha akaingia seminari, akajifunza Kilatini na Kifaransa. Fikirini hali yake. Kila kitabu alichoshika kilikuwa kimetoka mbali. Na vitabu vya siku zile vilivyoeleza habari za watu wetu vilikuwa karibu vyote vimeandikwa na wageni: wasafiri, askari, wenye biashara, wamisionari. Wengine waliandika kwa upendo, wengine kwa dharau. Wote waliandika wakiwa wamesimama nje ya nyumba. Kijana yule angaliweza kunakili tu, akasifiwa, akawa padri mwema. Hakuna ambaye angalimlaumu.

Yeye akaandika juu ya watu wa kwao: jinsi wanavyofikiri, jinsi wanavyotaka na kuchagua, jinsi wanavyoishi wao kwa wao. Maandishi yake yakachapishwa katika gazeti la Kibelgiji, La Revue Congolaise, katika miaka ya 1910 na 1911, kwa jina La Psychologie des Bantu. Alikuwa bado mseminari. Mara nyingi maandishi hayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya Mkongomani kuchapishwa kwa Kifaransa. Miaka michache baadaye, tarehe 21 Julai 1917, Askofu Victor Roelens alimpa upadri huko Baudouinville, mji uitwao leo Moba; ndiye padri wa kwanza wa Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1947 akaketi katika Baraza la Serikali ya koloni. Alifariki mwaka 1951.

Watu wengi wamkumbuka kwa tarehe ile ya upadri, na ni haki. Mimi mwalimu humkumbuka zaidi katika miaka ile iliyotangulia, akiwa kijana na karatasi mbele yake, pasipo ubao wa kunakili. Sisemi kwamba kila neno lake lafaa leo. Alikuwa mtu wa zama zake, na sauti za walimu wake zasikika katika sentensi zake. Lakini aliweka nyumba yake ndani ya maandishi kwa mkono wake. Baada ya vizazi viwili mtoto mwingine wa seminari, Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 wakati mji ukiitwa Jadotville, naye akaja kuwa mwalimu mkubwa wa vyuo vikuu huko Marekani, aliyachukua maandishi hayo ya Kaoze akayachungua katika vitabu vyake. Mudimbe amefariki mwaka 2025. Kama Kaoze angaliyasema mambo yake barazani tu, yule wa Likasi angalichungua nini?

Mtaniambia: wote wawili ni wavulana. Kweli, na hapo pana jambo la kutuhuzunisha. Siku za Kaoze, wasichana waliobahatika kufika shule walifundishwa hasa kushona, kupika na kutunza nyumba. Kazi hizo ni njema. Lakini kalamu walipewa kwa kipimo kidogo. Mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata digrii ya chuo kikuu, Sophie Kanza, aliipata huko Lovanium mwaka 1964, yaani miaka 47 baada ya upadri wa Kaoze. Bibi zetu waliijua nchi hii kuliko wasafiri wote: walijua mimea, nasaba, sababu za ugomvi wa kale na namna ulivyotulizwa. Walikufa nayo. Baba uliyeniandikia, unayo nyumbani mwako kalamu ambayo bibi yake binti huyo hakupewa, nawe waniuliza kama uitie motoni.

Kuna kitu kimoja ambacho waweza kumwomba. Usimwombe daftari, mwombe akusomee. Jumapili jioni, mkiisha kula, mwambie alete kitabu chochote, au gazeti hili, au Injili ya siku ile, asome kwa sauti, polepole. Ukisikia neno usilolijua, msimamishe: «Maana yake nini?» Akijua, ataeleza, nawe utakuwa umejifunza. Asipojua, ndipo faida kubwa ilipo, maana atatambua kwamba alikuwa akitamka tu. Laiti yule mama mjane angalimzoeza mtoto wake hivyo! Wala usione haya kwamba mtoto akufundisha. Kuna baba mmoja wa shirika letu, fundi wa baiskeli, ambaye kwa miaka 2 alisomewa hivyo na mtoto wake wa darasa la tano. Sasa asoma mwenyewe, kidole chini ya mstari, midomo ikienda. Ni polepole sana. Lakini husimama kila anapokuta neno gumu, jambo ambalo wanafunzi wangu wa juu hawalifanyi.

Sasa naongea nanyi, vijana. Wengine mtapenda kuwa na daftari la pili kama binti yule. Vema. Lakini msichane kurasa za daftari la shule, maana wazazi wamelipia. Chache zatosha: karatasi zilizokunjwa na kushonwa kwa uzi ni daftari pia.

Msianze kwa maneno makubwa. Nimesoma insha nyingi zinazoanza, «Ee ulimwengu wenye machozi,» na mwandishi wake nimemwona dakika ileile akicheka na wenzake uwanjani. Wengine hutafuta maneno mapana ya Kifaransa, marefu kama gari la moshi, ili msomaji aogope. Andika ulichokiona. Ulikwenda sokoni: unga ulikuwa bei gani, muuzaji alipimaje, kopo lake lilikuwa limebonyea chini au la? Ulikwenda msibani: nani alifika kwanza, nani alikaa mbali, walisema nini walipofikiri watoto hawasikii? Utagundua jambo la ajabu. Jambo uliloliona kwa macho yako, uliloliona wazi, ukitaka kuliandika lakukimbia. Utakumbuka mwanzo na mwisho, katikati utakuwa mtupu. Kesho utakwenda sokoni na macho mengine. Hiyo ndiyo kazi ambayo kunakili hakuwezi kukufanyia.

Lugha ipi? Ile ambayo sentensi yako imekujia nayo. Ikija kwa Kiswahili, iandike kwa Kiswahili. Ikija kwa lugha ya nyumbani, iandike hivyo. Baadaye waweza kuigeuza Kifaransa, na hapo utakijua Kifaransa kweli kweli, maana utajua unachotaka kukisema. Makosa ya herufi yasikusumbue katika daftari hili. Hapa hakuna kalamu nyekundu.

Kuhusu simu sina ugomvi nayo. Wengi wenu mwaandika humo kila siku kuliko sisi tulivyoandika kwa mwezi. Lakini simu yaibiwa, yaanguka majini, na ikivunjika yakwenda na yote. Karatasi ina adui wake, mchwa na mvua. Itieni ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, mlitundike mbali na ukuta wa udongo.

Na asiyejua aanze wapi, aende kwa bibi yake, au kwa mzee yeyote wa jirani ambaye hana haraka. Amwombe hadithi moja, au habari ya namna kijiji kilivyopata jina lake. Aandike kwa maneno yale yale ya mzee, hata yale ya zamani asiyoyaelewa. Asiyatengeneze yawe mazuri. Akimaliza, amsomee yote tangu mwanzo. Mahali fulani mzee atainua mkono: «Hapo sikusema hivyo.» Futa mstari, uandike alivyosema.

Mwalimu wenu